MAISHA YA CLAUDE BERNARD, MTU ALIYETAFUTA SUKARI NDANI YA MWILI



Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa: wafalme, wasafiri, wahubiri, wakubwa wa vita. Mara hii sisi wa kalasi ya sita, seksio ya biolojia na kemia, tumepewa kurasa hizi, na tumechagua mtu ambaye hakutawala nchi wala hakushika bunduki. Miaka mingi alifanya kazi katika chumba cha chini chenye giza na baridi, pamoja na mbwa na sungura, akipima damu na mkojo. Jina lake Claude Bernard, Mfaransa.

Tuko na sababu ya kumchagua. Mwaka jana mwenzetu mmoja wa internati alianza kuamka usiku, mara tatu, mara nne. Alikunywa maji sana, hata ndoo ya chumba ikamalizika mbele ya asubuhi. Alikonda, na huku alikula sahani yake na mabaki ya wengine. Sisi tunaoandika haya tuko kapita wa internati. Tuliandika jina lake katika kaye ya adhabu mara tano, kwa sababu sheria inakataza kutoka inje nyuma ya kuzima taa. Tulimpa kufyeka majani kwenye uwanja, na jua kali. Wengine walimcheka, wengine walinong'ona ya kwamba wamemloga huko kwao. Siku moja asubuhi akaanguka katika mstari. Muuguzi alipopima mkojo wake akakuta sukari nyingi. Kumbe ilikuwa ugonjwa wa kisukari.

Tuliona haya. Sura nzima ya kitabu cha biolojia juu ya ini, sukari na homoni tulikuwa tumeikariri kwa ajili ya mtihani. Tuliweza kuisema yote pasipo kukosa neno, lakini hatukufahamu ya kwamba ilimhusu mtu anayelala kitanda cha tatu toka mlangoni. Basi tukataka kujua ni nani aliyeanza kufungua mambo haya. Njo hivi tulimkuta Claude Bernard.

1. Mtoto wa shamba la mizabibu

Claude Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, karibu na mji wa Villefranche, upande wa Lyon. Baba yake alilima mizabibu na kufanya biashara ya divai, lakini biashara haikumletea mali. Padri wa kijiji alimfundisha mtoto Kilatini kidogo. Kisha akasoma katika koleji mbili za jirani. Walimu hawakumwona kuwa mwenye akili ya ajabu. Alitoka masomoni pasipo diploma, kwa maana hapakuwa tena na franga za kuendelea.

Alipokuwa na miaka 18 hivi, sawa umri wetu, akatumwa kufanya kazi kwa muuza dawa mmoja huko Vaise, kando ya Lyon. Alifagia, aliosha chupa, alipeleka dawa kwa wateja. Fasi ile alijifunza jambo moja ambalo hakulisahau. Kulikuwa na dawa moja ya zamani iliyoitwa teriaki, ambayo watu waliiamini kwa kila ugonjwa. Katika nyumba ile, kila dawa iliyoharibika ao iliyobaki, bwana aliagiza itupwe ndani ya chungu cha teriaki. Basi chungu hakikuwa sawa leo na kesho, lakini wagonjwa waliendelea kununua na kusifu. Kijana akaanza kujiuliza: kama hakuna mtu anayejua kitu gani kiko ndani, mtu anawezaje kusema dawa imeponya?

Lakini wakati ule moyo wake haukuwa kwa uganga. Alipenda michezo ya kuigiza. Usiku aliandika mchezo mfupi wa kuchekesha, ukachezwa huko Lyon, watu wakafurahi. Kwa hiyo akaandika mwingine mrefu wa mambo ya wafalme, na mwaka wa 1834 akaenda nao Paris. Alikuwa na miaka 21 tu. Alimpelekea profesa mmoja wa Sorbonne, Saint-Marc Girardin, aliyejulikana kwa kuhukumu vitabu. Profesa alisoma, kisha akamshauri kwa upole atafute kwanza kazi ya kumlisha, na kwa kuwa alikwisha kuzoea dawa, ajifunze uganga. Kuandika kungebaki kwa nafasi zake.

Tunawaza ile siku. Kijana amesafiri mbali, ameacha kazi, na anaambiwa arudi nyuma aanze njia ingine. Wengi wangekasirika na kurudi kijijini. Yeye alikubali. Alifanya mtihani wa kumaliza sekondari aliokuwa ameuacha, akaingia masomo ya uganga.

2. Mwanafunzi wa nyuma

Wadogo wetu, sikilizeni hapa vizuri. Katika masomo ya uganga pia Claude Bernard hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1839 walipochagua wanafunzi 29 wa kufanya kazi ndani ya hospitali za Paris, yeye alikuwa wa 26. Mwaka wa 1844 alijaribu mtihani mkubwa wa kuwa mwalimu wa chuo cha uganga, akashindwa. Hakusema vizuri mbele ya watu, na wakubwa walipenda wasemaji.

Lakini mtu mmoja alitazama mikono yake na si mdomo wake. Ni François Magendie, profesa wa Collège de France. Aliona jinsi kijana yule anavyopasua mnyama, anavyokuta mshipa mwembamba pasipo kuukata, anavyongoja kwa saburi. Mwaka wa 1841 akamchukua kuwa msaidizi wake. Mambo makubwa yote yalianzia pale.

Fasi ya kazi ilikuwa mbaya. Chumba cha chini, unyevu mwingi, mwanga kidogo. Inasemwa ya kwamba ugonjwa uliomtesa baadaye ulianzia mle. Wakaaji wa mtaa hawakupenda, kwa maana wakati ule mbwa aliyepotea njiani aliweza kuishia mezani kwa waganga. Siku moja mbwa aliyewekwa kijiri ndani ya tumbo, kusudi maji ya tumbo yatoke na kupimwa, alitoroka na kijiri chake. Kumbe alikuwa mbwa wa komiseri wa polisi! Bernard aliitwa kujibu. Alieleza kazi yake kwa ukweli, akaomba musamaha. Komiseri alisikia, mbwa akapona, na tangu siku ile komiseri akawa mlinzi wake.

3. Mkojo wa sungura

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mwaka wa 1846 walileta sungura toka soko wakawaweka mezani. Sungura wakakojoa. Mtu mwingine angepangusa meza na kuendelea. Bernard alitazama mkojo: ulikuwa mweupe sawa maji, na ulipopimwa ulikuwa na asidi. Hapo kuna shida, kwa sababu mkojo wa mnyama anayekula majani huwa mzito na hauna asidi. Mkojo safi wenye asidi ni wa mnyama anayekula nyama.

Akawaza: labda sungura hawa hawajala siku mingi, na sasa wanakula nyama ya mwili wao wenyewe. Hakutosheka na kuwaza. Aliwapa majani, mkojo ukawa mzito. Akawafungisha chakula, mkojo ukawa safi tena. Akajaribu na farasi, ikawa vilevile. Mwisho akawalisha sungura nyama ya ngombe iliyopikwa, na mkojo ukabaki safi muda wote. Hapo tu akasema amejua.

Alipowapasua sungura wale akaona jambo la pili. Mafuta ya chakula yalianza kuingia katika mishipa myeupe ya matumbo nyuma tu ya fasi ambapo maji ya kongosho yanamwagika. Kongosho ni kile kiungo kilicholala nyuma ya tumbo. Wakati ule watu hawakujua vizuri kazi yake. Bernard akaonyesha kwamba maji yake yanavunja mafuta.

4. Sukari inatoka wapi?

Wakati ule waalimu wote walifundisha ya kwamba mimea peke yake inafanya sukari, na wanyama wanaitumia tu na kuiharibu. Mtu mwenye kisukari, walisema, ni mtu ambaye mwili wake umeshindwa kuiharibu. Bernard alitaka kujua sukari inapotelea fasi gani. Aliwalisha mbwa chakula chenye sukari akafuata damu toka utumbo mpaka ini, toka ini mpaka moyo. Alikuta sukari katika damu inayotoka kwenye ini.

Hapa wengi wangeshangilia. Yeye aliuliza swali ambalo mwalimu wetu hurudia kila siku katika laboratwari: na kama ningemlisha mwingine pasipo sukari? Akamchukua mbwa wa pili, akamlisha nyama tupu. Ndani ya utumbo hakukuta sukari hata kidogo. Lakini katika damu itokayo kwenye ini, sukari ilikuwa mingi! Ilikuwa mwaka wa 1848. Basi ini lenyewe linatoa sukari. Mnyama naye anaweza kuifanya, sawa mmea.

Wapinzani walisema ini linaokota sukari ya chakula cha jana. Mwaka wa 1855 bahati ilimsaidia. Alizoea kupima sukari ya ini mara mbili palepale, mnyama akiisha kufa. Siku moja nafasi ilikosa, akapima mara moja, kipimo cha pili akakiacha mpaka kesho yake. Vipimo havikupatana: cha kesho kilikuwa na sukari zaidi. Hakusema amekosea hesabu. Alichukua ini, akapitisha maji ndani ya mishipa yake mpaka sukari yote ikaisha, akaliacha. Kesho yake sukari ilikuwa imerudi. Basi ndani ya ini kuna akiba fulani inayogeuka kuwa sukari. Mwaka wa 1857 akaitoa akiba ile peke yake, unga mweupe, akauita glikogeni. Ni sawa ghala ya muhogo: wakati wa mavuno tunaweka, wakati wa njaa tunatoa.

Kazi ile ya ini ya kutoa kitu moja kwa moja ndani ya damu, pasipo kupitia mfereji unaokwenda inje, yeye aliiita utoaji wa ndani. Njo mlango wa mambo ya homoni. Lakini neno homoni lenyewe halikutoka kwake. Lilianza kutumiwa mwaka wa 1905 na Mwingereza Ernest Starling. Mwaka wa 1902, yeye na William Bayliss walikuwa wameonyesha kwamba utumbo unatuma ujumbe kwa kongosho kwa njia ya damu.

5. Ubongo unaagiza

Tunafika sasa kwenye jambo lililotushangaza kuliko yote. Bernard alijiuliza: ghala iko, lakini ni nani anayeshika ufunguo? Mwaka wa 1849 alichukua sungura, akapitisha sindano nyuma ya kichwa, akachoma fasi moja ndogo sana chini ya ubongo, karibu na mahali unapoungana na uti wa mgongo. Hakugusa ini, hakugusa kongosho. Nyuma ya muda mfupi, mkojo wa sungura ukawa na sukari, sawa mtu wa kisukari. Kisha ikaisha yenyewe.

Alifikiri agizo linapita katika neva kubwa inayoshuka toka kichwani mpaka tumboni. Akaikata ile neva, akachoma tena. Sukari ikatoka vilevile. Wazo lake lilikuwa la uongo, akaliacha. Akatafuta mpaka akaona kwamba agizo linashuka kwa njia ya uti wa mgongo.

Leo wataalamu wanajua sehemu nyingine ya njia ile. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Agizo la ubongo likifika pale, tezi inamwaga adrenalini ndani ya damu, na adrenalini inaliambia ini kufungua ghala. Njo maana tukikutana na nyoka njiani, mbele ya kuwaza lolote, mwili umekwisha kupata sukari ya kukimbia.

Tena alikata neva moja ya shingo ya sungura, miaka ya 1851 na 1852. Sikio la upande ule likawa jekundu na la moto. Alipoamsha ile neva kwa umeme, sikio likarudi kuwa baridi na jeupe. Hivi akaonyesha ya kwamba neva zinafungua na kufunga mishipa ya damu, na kwa njia ile zinatawala joto.

Hata mambo ya moyo hakuyaacha. Mwaka wa 1865 aliandika juu ya moyo na huzuni na furaha. Watu wamesema tangu zamani kwamba mapendo yako moyoni, na waganga walicheka. Bernard hakucheka. Alieleza kwamba ubongo na moyo vimefungwa pamoja kwa neva kwenda na kurudi. Habari mbaya ikija ghafula, ubongo unasimamisha moyo kidogo, damu inapungua kichwani, mtu anakuwa mweupe, pengine anazimia. Ikiwa habari si nzito sana, moyo unakimbia, damu inapanda, uso unaiva. Basi anayesema moyo wake umestuka hasemi uongo.

6. Nyumba yenye joto moja

Katika kazi hizi zote wazo moja lilikomaa, na ndilo wazo linalomfanya asisahauliwe. Inje ya mwili kila kitu kinabadilika: mvua, jua, shibe, njaa. Lakini viungo vyetu haviishi inje. Vinaishi ndani ya damu na maji yanayovizunguka, na ile nyumba ya ndani haibadiliki ovyo. Joto linabaki karibu na 37. Sukari, mbele ya kula, inabaki karibu na gramu 1 katika litre ya damu. Mtu mzima ana litre 5 hivi za damu. Basi sukari yote inayotembea ndani ya damu yake haipiti sana kijiko kidogo cha chai. Tule miwa tushibe, ao tulale na njaa, mwili unapigana kuilinda kijiko ile. Kwa ajili ya hiyo tunaweza kutembea na kusoma pasipo kuwa watumwa wa kila upepo.

Walter Cannon wa Marekani alilipa wazo hili jina la homeostasi katika miaka ya 1920, lakini mzizi wake ni kwa Bernard.

7. Heshima na huzuni

Heshima ilikuja. Mwaka wa 1854 aliingia katika Akademia ya Sayansi, na mwaka wa 1855, Magendie alipokufa, akarithi kiti chake. Mfalme Napoleon III alizungumza naye, akataka apewe vyumba bora vya kazi. Mwaka wa 1865 alitoa kitabu chake juu ya njia ya kufanya uganga kwa majaribio. Sehemu kubwa ya kazi ile aliifanya akiwa mgonjwa, amerudi kupumzika Saint-Julien. Hivi aliyeambiwa aache kuandika michezo aliandika kitabu ambacho wanafunzi wa Ufaransa wanakisoma hata leo. Mwaka wa 1868 Akademia ya Kifaransa, nyumba ya waandishi, ilimchagua.

Lakini hatutaki kumfanya malaika. Nyumbani kwake hapakuwa na amani. Alioa mwaka wa 1845, na mali ya bibi ndiyo iliyomwezesha kuendelea na kazi. Wavulana wao walikufa wachanga, mabinti wawili wakabaki. Bibi alichukia mateso ya mbwa, na mabinti walishika upande wa mama. Mwishowe wakatengana. Sisi tumebishana sana juu ya jambo hili katika internati. Wengine wanasema wanyama wale waliteseka, na ni kweli, kwa maana mara nyingi hapakuwa na dawa ya kuwalaza. Wengine wanasema pasipo wao wagonjwa wasingepona, na ni kweli pia. Hatukumaliza shauri, na tunawaachia ninyi.

Tena hakuona vyote. Aliharibu kongosho ya mbwa kwa kupitisha mafuta ndani ya mfereji wake, akatafuta matokeo, lakini kisukari hakukiona. Kilikuwa chini ya mkono wake. Mwaka wa 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walitoa kongosho nzima ya mbwa, na mbwa akapata kisukari kikali. Mwaka wa 1921, huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipata ndani ya kongosho ile dawa iitwayo insulini. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa alipigwa sindano yake, akaishi miaka mingine. Claude Bernard alikuwa amekufa siku mingi, tarehe 10 Februari 1878, huko Paris. Serikali ya Ufaransa ilimzika kwa gharama yake, heshima ambayo mbele yake hakuna mtu wa sayansi aliyeipata katika nchi ile.

8. Jambo tunalolishika

Sasa tunarudi kwa mwenzetu. Yeye yuko mzima. Kongosho yake haitoi insulini ya kutosha. Pasipo insulini sukari inajaa katika damu na haiingii vizuri ndani ya viungo, sawa gunia za unga zilizofungiwa mlangoni na watoto wanalala njaa ndani. Sukari iliyozidi inatoka na mkojo, inavuta maji pamoja nayo. Njo maana alikojoa usiku kucha, akasikia kiu, akakonda. Kila alichokifanya, ambacho sisi tulikiandika kuwa kosa, ulikuwa mwili unaomba msaada. Leo anapigwa sindano kila siku, na ataingia pamoja nasi katika mtihani wa Serikali.

Wasomaji, mkiona mtu anakunywa sana, anakojoa sana na kukonda, msimcheke, msimwite mlozi wala mlogwa. Mpelekeni kwa muuguzi siku ileile. Na mtu anayepigwa insulini, akianza kutetemeka na kutoka jasho, ao kusema maneno yasiyopatana, pengine sukari yake imeshuka mno. Kama anaweza kumeza, mpeni upesi maji yenye sukari, kisha muite mkubwa. Akizimia, msimtie kitu mdomoni, kimbilieni muuguzi.

Kuna jambo la mwisho. Leo tunajua ya kwamba tukistuka, adrenalini na homoni ingine iitwayo kortisoli zinasaidia ubongo kukaza ukumbusho wa saa ile. Kazi hiyo inafanywa na sehemu mbili ndogo ndani ya ubongo, amigdala na hipokampo. Njo sababu hatuwezi kusahau asubuhi ile katika mstari: rangi ya shati lake, mavumbi, kaye ya adhabu iliyokuwa chini ya kwapa letu. Kumbe hofu ya siku mingi mfululizo inaharibu kukumbuka, na usingizi unakutengeneza. Ninyi mnaokesha na taa mbele ya mtihani, fahamuni hayo.

Ile kaye tungali nayo. Tulikwenda kwa mwenzetu tukamwomba musamaha, tukafuta jina lake fasi zote tano mbele yake. Alicheka, akatuomba tumsindikize kuchota maji. Tukaenda.

Kapita wa internati, kalasi ya sita